Mahali Alipoangukia Shemeji

Dada alivaa viatu vya marehemu mumewe. Alikaa kwenye kiti cha nyuma cha teksi, mlango wazi, miguu nje, akisokomeza vipande vya kitambaa cha pazia kwenye ncha za viatu ili visimpwaye. Vilikuwa viatu vizuri vya kupandia vilima, soli nene, kamba nyekundu. Hospitali ilivirudisha ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na saa na mkanda, na tangu hapo vilikaa chini ya kitanda. Asubuhi ile alivitoa bila kumwambia mtu, na mdogo wake aliviona walipokuwa tayari ndani ya teksi.

Mdogo wake huyo ndiye Kitinda, kitindamimba wa familia iliyobaki na watu wawili tu. Alisimama kando ya teksi akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, kumbe macho yote yalikuwa getini, kwa kijana mrefu mwenye miwani aliyekuwa akiwasubiri chini ya ubao wa njia. Watembeaji walimwita Ngamia kwa sababu aliweza kuwapandisha vilima vyote asubuhi nzima bila kugusa chupa ya maji. Jina lilimkaa, hata mama yake mzazi alishaanza kulitumia.

Ngamia alisogea taratibu. "Shikamoo, dada."

Dada alifunga kamba ya kiatu cha kushoto. Akafunga ya kulia. Akasimama, akakanyagakanyaga changarawe kupima.

"Marahaba," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayemrudishia jirani sufuria yake. "Choo kiko wapi hapa?"

Akaonyeshwa, akaenda. Wapendanao wakabaki wawili, na wote wawili walijua siku ile ndiyo itakayowaamulia. Wazee wa Ngamia walipokuja kuposa, dada hakukubali wala hakukataa. Aliwapokea vizuri, akawasikiliza, kisha akasema kwanza kijana wao ampeleke pale mume wake alipoangukia, akirudi atawajibu. Hakuna aliyembishia, maana jibu lilikuwa lake kweli. Wazazi walipokufa, yeye alikuwa msichana mbichi na Kitinda hata meno ya utoto hayajang'oka. Alimlea kwa cherehani, akiwashonea mapazia watu wenye madirisha makubwa, akamsomesha mpaka Kitinda akawa fundi wa miwani. Na huko dukani ndiko Ngamia alikotokea siku moja na miwani iliyokatika mkono. Ikatengenezwa. Ikakatika tena wiki ile ile, na tena wiki iliyofuata, mpaka mwenye duka akauliza kama huyu bwana analala juu ya uso wake. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

"Leo mwambie," Kitinda alinong'ona.

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mtoto. Unajua nini."

Ngamia alitazama mlango wa choo. "Nilikuambia wewe kwa sababu nilishindwa kulibeba peke yangu. Sikukuambia ili tuje kumtonesha dada yako kidonda."

"Anaamini ulimsahau mume wake nyuma kama mwavuli. Mtaa mzima unaamini hivyo. Atakukataa, na mimi nitafanyaje?"

"Akinikataa, atakuwa amenikataa mimi tu. Bado atabaki na mume wake wa kumlilia."

"Na mimi nitamlilia nani?"

Ngamia alimtazama, na mtazamo wenyewe ulikuwa wa mtu mwenye njaa anayepita mbele ya hoteli mfukoni hana kitu. Walikuwa hawajashikana hata mkono tangu posa ilipoletwa. Kitinda alihisi machozi yakimpanda, akayarudisha yalikotoka.

"Nilimwahidi mtu anayekufa," Ngamia alisema. "Ahadi kama hiyo nitaivunjaje, Kitinda?"

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka jana, msimu wa maua kama huu, shemeji alijiunga na kundi la watembeaji wa Ngamia. Hakuja peke yake. Alikuwa mwalimu wa udereva, na alikuja na mwanamke aliyekuwa akimfundisha, mwanamke mwenye kofia ya bluu, na wote wawili walikuwa na nyuso za watoto walioruhusiwa kutoka shule mapema. Sasa, Ngamia ana sheria moja. Kwenye kila kona ya njia husimama akahesabu vichwa, na hakuna anayesogea mpaka wa mwisho afike. Msimu wa maua sheria hiyo ndiyo inayookoa watu, kwa kuwa kila mtu huchelewa nyuma akipiga picha, na kingo za makorongo hufunikwa na maua hadi mgeni haoni ardhi inapoishia. Karibu na kona ya juu shemeji alimvuta pembeni. Akamwomba atangulie na kundi, awahesabu wao wawili kana kwamba wapo. "Tutawafuata, bwana mdogo," alisema, akamkonyeza.

Mtu mwingine yeyote angekataliwa pale pale. Lakini Ngamia alikuwa anamtaka Kitinda, na huyu ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba ile. Nani anamkatalia mtu ambaye kesho atakwenda kupiga hodi mlangoni kwake? Akahesabu vichwa hewa, akatangulia. Muda si muda akasikia ukelele wa mwanamke. Alishuka korongoni kwa mikono na magoti, akamkuta shemeji bado anapumua, akamsikia akisema maneno matatu: "Mke wangu asijue." Kisha basi. Yule mwanamke alishatoroka kabla watu hawajafika. Nyumbani Ngamia alieleza kwamba alihesabu vibaya akamwacha mtu nyuma, na kwamba marehemu alimtaja mkewe kwa jina kabla ya kukata roho. Tangu siku ile watu wa mtaa humpisha njiani kama mtu mwenye ugonjwa.

Dada alirudi akijifuta mikono kwenye gauni. "Twendeni," alisema. "Jua halimsubiri mtu."

Walipanda kwa mstari, Ngamia mbele, dada katikati, Kitinda nyuma. Mvua zilikuwa nzuri mwaka huo na vilima vilichanua bila aibu. Njia ilipita kwanza kwenye maua ya zambarau yaliyofika magotini, kisha meupe madogo yaliyotapakaa kama mtu aliyemwaga unga, kisha njano, njano hadi macho yanauma. Watembeaji wengine waliwapita wakicheka, wanaitana, wanapigana picha. Msichana mmoja alimwomba Kitinda awapige picha yeye na mchumba wake. Akawapiga. Walishukuru sana, wakamwambia na yeye atafute wake aje naye, maana ni pazuri.

"Pumzika kidogo, dada," Ngamia alisema walipofika kwenye kona ya kwanza.

"Nimechoka nimekwambia?"

"Hapana."

"Basi panda."

Hata hivyo alisimama hapo hapo, mkono kiunoni, akihema. Viatu vilikuwa vinamchuna. Ngamia akampa chupa ya maji, akaipokea bila kumwangalia.

"Kazi hii unaipenda?" aliuliza baada ya kunywa.

"Nilikuwa naipenda sana."

"Na sasa?"

"Sasa naifanya tu, dada. Kila nikihesabu vichwa narudia mara tatu."

Dada alifunika chupa taratibu. Kitinda, aliyekuwa akimtazama kwa nyuma, aliona mabega yake yakilegea kidogo, akadhani ni dalili njema. Moyo unaopenda huokota dalili hata majani yakitikisika.

Walipofika kona ya juu waliona nguzo mbili za mti na waya uliokazwa katikati, uliowekwa baada ya ajali. Ng'ambo ya waya maua ya njano yaliendelea hatua chache, mazito na mazuri, kisha yakaisha ghafla, na chini kabisa palisikika maji.

"Ni hapa?" dada aliuliza.

"Ni hapa."

Alisimama ameshika waya. Nyuki walikuwa wanafanya kazi yao.

"Pazuri," alisema. "Nilikuwa naota usiku ni mahali pabaya. Penye mawe meusi. Kumbe pazuri hivi." Kisha, bila kugeuka: "Nielezee."

Ngamia alivua miwani, akaishika mkononi. "Nilikuwa naongoza kundi. Hapa nilihesabu vibaya. Nikaendelea, kumbe yeye yuko nyuma. Alisogea kutazama maua, hakuona ukingo. Kosa ni langu, dada. Silikimbii."

"Alikuwa peke yake?"

Kitinda alihisi ulimi unamwasha. Alimkodolea Ngamia macho, akamsihi kwa macho hayo hayo, lakini yeye alikuwa anatazama chini.

"Peke yake," Ngamia alisema.

"Na alipokuwa anakufa alisema nini?"

"Alikutaja kwa jina."

Dada alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, na Kitinda alitamani asingekisikia.

"Mume wangu," dada alisema, "hajanitaja kwa jina tangu wiki ya harusi. Aliniita 'wee'. Akinitafuta ndani ya nyumba anaita 'wee, uko wapi'. Maisha yote jina hakulikumbuka, akalikumbuke shimoni?"

"Dada, kuna jambo..." Kitinda alianza.

"Nyamaza, Kitinda."

"Hapana, dada, sinyamazi, yeye hawezi kulisema lakini mimi..."

"Mwanamke mwenye kofia ya bluu," dada alisema.

Ngamia aliinua kichwa. Dada alikuwa amegeuka sasa, amewaelekea wote wawili, na uso wake ulikuwa mtulivu kuliko nyuso zao.

"Mnadhani mimi ni kipofu? Mume wangu alikuwa anawasha gari kwenda kununua kiberiti, duka liko pale mtu anapotupa jiwe. Siku moja ananiletea viatu hivi nyumbani, eti daktari kamwambia atembee. Daktari gani? Daktari. Wa wapi? Wa hospitali. Nikaacha. Halafu msibani kuna mwanamke yuko viti vya nyuma, kofia ya bluu kaiweka mapajani, analia kuliko mimi. Watu wakampelekea maji, wakamuuliza marehemu ni nani wako, akasema mwalimu wangu wa udereva. Jamani, hata anayefeli mtihani wa udereva halii namna ile."

Kitinda alishikwa na kitu kinachofanana na kicheko na kilio kwa pamoja. Mzigo aliokuwa ameubeba tangu wiki iliyopita ulimdondoka, na nyuma yake ikaja furaha, furaha ya waziwazi, ya kijinga. Alimshika dada yake mikono.

"Basi unajua. Kama unajua, basi unajua Ngamia hakumsahau mtu. Aliombwa atangulie. Alikuwa anakulinda wewe, dada, mwaka mzima anatukanwa kwa ajili yako."

"Najua."

"Basi jibu ni ndiyo."

Dada hakuitoa mikono yake. Alimwangalia Ngamia juu ya bega la mdogo wake.

"Ulikosea kumpisha, baba. Lakini nilishakusamehe kitambo, kabla hata wazee wako hawajaja, nikiwa bado nashuku tu. Mwanamume anayekubali kupakwa matope ili mjane wa mtu asiaibike, huyo nilimwomba Mungu ampe mdogo wangu, nikiwa kwenye cherehani, usiku na mchana. Mungu akasikia. Akaniletea." Aliibana mikono ya Kitinda. "Na huyo ndiye nisiyeweza kumkaribisha kwangu."

"Kwa nini?" Kitinda aliuliza. Furaha ilikuwa bado usoni mwake, haijapata habari.

"Kwa sababu anajua. Leo nimekuja kuhakikisha hilo tu. Nilijiambia, labda yule mwanamke alikimbia kabla hajaonekana. Labda huyu kijana kweli alihesabu vibaya, hana habari. Ningemkumbatia hapa hapa. Lakini amenidanganya kwa huruma, nimeiona machoni mwake. Amevua hadi miwani." Alimgeukia Ngamia kabisa. "Kila sikukuu utakuja nyumbani kwangu. Utanipokea vyombo, utaniita shemeji kwa upole huo huo. Na kila ukiwa mpole, nitajua ni kwa sababu uliwaona. Ulimwona anavyomtazama yule mwanamke. Mimi hakuwahi kunitazama hivyo, na wewe unajua. Watu wengine wananionea huruma ya mjane. Hiyo naibeba. Ya kwako siiwezi. Nimejaribu, mwanangu, mwezi mzima nimejaribu kujizoeza, endapo itakuwa kweli unajua. Siiwezi."

"Na mimi, dada?" Kitinda aliuliza kwa sauti ndogo. "Mimi pia najua."

"Wewe nimekuosha mavi. Nimezijua aibu zako zote mpaka za kukojoa kitandani. Ukiijua yangu moja tumelingana."

Upepo ulipita, maua yote yakalala upande mmoja, yakainuka. Kundi la watembeaji lilikuwa linashuka kutoka juu, sauti zao zikisikika kwa vipande.

"Tutahama," Ngamia alisema. Alizungumza haraka, kama mtu anayejaribu funguo zote kwenye kufuli moja. "Nitatafuta kazi mbali, dada. Hutaniona. Sitakuja sikukuu wala msiba."

"Na huyu naye nisimwone?" Dada alimnyooshea kidole Kitinda. "Nimebakiwa na nani mwingine? Nyumba nzima sasa hivi nasikia friji tu."

"Kwa hiyo unanikataza," Kitinda alisema. Hasira ilimpanda sasa, akaikaribisha, maana ilikuwa nyepesi kuliko kile kingine. "Sema hivyo. Sema unanikataza, tupigane."

"Ningetaka kukukataza ningekukataza mbele ya wazee. Sikukatazi. Wewe ni mtu mzima, ukitaka mkono wake huo hapo, ushike. Nitakuja harusini, nitacheza, mapazia ya nyumba yenu nitashona mwenyewe." Akamsogelea. "Nakuomba tu. Nakuomba usiolewe naye. Sijawahi kukuomba kitu."

Na hilo lilikuwa kweli. Kitinda alijaribu kukumbuka hata mara moja, hata kikombe cha maji. Dada alikuwa anaamrisha, analalamika, anagomba, lakini kuomba hakuwahi. Kila jibu lililomjia lingemzuia kujitazama kwenye kioo kesho yake. Akamgeukia Ngamia. Basi yeye ampiganie. Aseme neno.

"Kitinda," Ngamia alisema, "mshuke. Mawingu yanakuja, njia itateleza."

"Hilo ndilo unaloniambia?"

"Nakupenda. Unajua nakupenda mpaka naumwa. Lakini siku ile nilimpisha mume wake kwa sababu nilikutaka wewe. Nikikuchukua leo, nitakuwa nimemnyang'anya dada yako mara mbili."

Kitinda alimsogelea, akaegemeza paji la uso kifuani mwake mbele ya dada yake, bila kujali. Moyo wa Ngamia ulikuwa unakwenda mbio kama wa mtu aliyepanda kilima kwa kukimbia. Alinukia jua na majani. Kitinda alipumua ile harufu mara moja, mbili, akijilazimisha kuikariri, akijua fika kwamba harufu haikaririki. Dada aliwapa mgongo, akatazama bonde.

Kundi la juu likawafikia. Kiongozi wao alikuwa mwenzake Ngamia, mzee kidogo, mwenye filimbi shingoni.

"Nakukabidhi wawili," Ngamia alimwambia.

"Wewe hushuki?"

"Baadaye."

Yule mwenzake alimtazama usoni. Akahesabu watu wake, akawaongeza wale wawili, wakaanza kushuka. Kitinda aligeuka kwenye kona iliyofuata. Ngamia alikuwa amesimama kwenye waya, mgongo kwao, na hakugeuka. Ngamia alijua kwamba angegeuka asingeweza kubaki pale.

Manyunyu yalianza walipofika kwenye maua meupe. Watu wakatoa makoti, wakacheka, wakaharakisha. Dada alibaki nyuma na viatu vyake vikubwa, na mahali penye udongo mwekundu aliteleza, mguu mmoja ukaenda. Kitinda alimdaka kiwiko kabla hajafikiri.

Waliendelea hivyo, mmoja ameshika, mwingine ameshikwa, mvua ikiwalowesha nywele.

"Utanichukia," dada alisema.

"Nimeshaanza."

"Sawa." Alitembea hatua kadhaa, akijifuta uso kwa kiganja. "Nichukie. Lakini nichukie ukiwa karibu."

Njia ilikuwa inateleza na dada hakuwa na mtu mwingine wa kumshika, kwa hiyo Kitinda hakumwachia mkono mpaka getini, ingawa vidole vyenyewe vilikuwa vinataka kumwachia.